Kaka amefilisika, mfilisi anataka nyumba ya Migosi iuzwe na mama bado yumo ndani. Inawezekana?

#1 Nyar_Migosi
Wadau salaam. Nauliza wanaojua mambo ya korti.

Marehemu baba alifanya kazi reli. Mwaka 1988 alinunua ploti Migosi hapa Kisumu, akajenga nyumba ya vyumba vitatu. Alipofariki tulifanya mirathi, na taito ikatoka kwa majina matatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na kitinda mimba. Theluthi kwa theluthi. Mama anaishi humo mpaka leo, ana miaka 74, na kliniki yake ya presha iko Russia, yaani hospitali ya Jaramogi hapa hapa Kisumu.

Kaka alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Alipeleka simiti na mabati kwa kaunti moja, hakulipwa, akakopa alipe waliomuuzia, kisha akakopa tena alipe huo mkopo. Wadai walipoanza kutaka afungwe kifungo cha madai, yaani jela kwa deni, akaenda mwenyewe Mahakama Kuu akaomba atangazwe muflisi. Akakubaliwa. Hakutuambia kitu. Tumejulia kwa barua ya mfilisi, yule anayesimamia mali ya muflisi ili wadai walipwe: ati theluthi ya kaka sasa iko mikononi mwake, tuinunue, la sivyo ataomba korti iuze nyumba NZIMA kila mtu apewe pesa zake.

Mimi na mdogo wangu hatudaiwi na mtu. Nyumba yetu itauzwaje kwa deni la mwingine?

#2 Kasuku_58
Haiwezekani. Wauze theluthi yake peke yake. Wachague choo au jikoni.

#3 Kamongo
Choo ndicho chenye bei Migosi wiki ambayo maji yamepotea 😂

#4 Karani_Mstaafu
Pole dada. Nilikaa rejista ya korti miaka mingi, si wakili, lakini faili za namna hii nimezibeba.

Kasuku anatania, ila kidogo amegusa. Kaka yako akishatangazwa muflisi chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mali yake inahamia kwa mfilisi. Mali YAKE. Theluthi zenu mbili hazihamii popote. Mahali pengi mfilisi huwa ni Mpokeaji Rasmi wa serikali, mahali pengine ni mtaalamu binafsi. Angalia barua ina saini ya nani.

Shida iko kwa nyumba yenyewe. Shamba la ekari tisa unaweza kulikata mara tatu. Nyumba ya vyumba vitatu kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia huikati. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mwenye hisa anaweza kuomba ardhi igawanywe hata wenzake wakikataa. Kama haigawanyiki, na hamkubaliani juu ya kuuza, kuna mlango wa kwenda kortini kuomba amri ya mauzo. Mfilisi anapitia mlango huo huo ambao kaka yako angepitia.

Kwa hiyo jibu la swali lako: inawezekana. Hiyo haimaanishi ni lazima itokee.

#5 Kasuku_58
@Karani_Mstaafu mzee kuna kifungu humo humo kinasema mwenye hisa hawezi kuuzia mtu wa nje bila idhini ya wenzake. Wanyime idhini, mchezo umekwisha.

#6 Karani_Mstaafu
Kipo, ni cha 91. Soma mpaka mwisho wa sentensi: idhini ni ya maandishi, NA haiwezi kunyimwa bila sababu ya maana. Jaji atakuuliza sababu. "Hatutaki" haitatosha.

#7 MnadaMwema
Mimi hununua nyumba za mnada, Nakuru na Eldoret zaidi. Niwaambie upande wa mnunuzi.

Theluthi ya nyumba hakuna mtu anainunua. Nikinunua theluthi, nimenunua kesi. Nitalala chumba gani? Nitamdai nani kodi? Kwa hivyo mfilisi akitangaza theluthi peke yake atapata wanunuzi wa kubahatisha, watu wa kutoa laki mbili kwa kitu cha milioni tatu. Ndiyo maana anataka nyumba nzima, ndipo theluthi yake iwe na maana.

Lakini hata nyumba nzima, ikiwa na mama mzee ndani ambaye hataki kutoka, bei inaanguka. Nyundo ikigonga unalipa asilimia 25 hapo hapo. Nani ataweka pesa hiyo ajue anaenda kutoa nyanya nje? Mimi mwenyewe nimewahi kuacha nyumba nzuri Lanet kwa sababu nilikuta bibi anaanika mahindi nyuma. Nikarudi kwa gari.

Hiyo ndiyo silaha yenu. Mfilisi anajua mnada utamletea kidogo. Ninyi ndio wanunuzi wake bora.

#8 Mdai_Sugu
Mnamsikitikia mama, sawa. Na sisi?

Mimi niliuza simiti kwa mkopo Nakuru. Jamaa akachukua mifuko, akaniambia kaunti ikilipa atanilipa. Simiti nilikuwa nimeinunua kwa mkopo pia. Watoto wangu walitoka shule ya bweni wakarudi ya kutwa. Halafu mtu anaenda kortini anatangazwa muflisi, mimi najaza fomu ya kudai kisha nasubiri. Kumbe ana theluthi ya nyumba Kisumu! Kwa nini theluthi hiyo isiuzwe? Si yake?

Na hii hardware ya Nakuru dada... isije ikawa ni huyo huyo wangu.

#9 Kamongo
Yesu. Uzi umepata mwenyewe.

#10 Mama_Kiamunyi
Dada Nyar_Migosi pole, nimepitia kitu jirani na hicho. Yangu ilikuwa mume.

Nyumba yetu Kiamunyi ilikuwa kwa majina mawili. Mimi mwalimu, nusu ya ujenzi ni mikopo yangu ya sako, na nina stakabadhi zote mpaka za mchanga. Mume wangu alikuwa na lori, likaanguka Salgaa, bima ikaleta maneno, deni likapanda. Wadai wakapata hukumu dhidi yake. Nilidhani nikisimama mbele ya jaji niseme "mimi sikukopa" yataishia hapo. Hayakuisha. Jaji alisema nusu yangu haiguswi, lakini nusu yake ni halali kwa wadai. Tukauza wenyewe kabla ya mnada, nikapata nusu yangu, nikanunua ploti ndogo Njoro.

Ninalojuta ni kupoteza mwaka mzima nikipigana badala ya kutafuta mnunuzi mwenyewe mapema. Bei ya kutafuta mwenyewe na bei ya dalali ni mbingu na ardhi.

#11 Kasuku_58
@Mama_Kiamunyi ulidanganywa na wakili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila wote wawili kukubali.

#12 Karani_Mstaafu
Kasuku leo unanipa kazi. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kina milango yake. Mke au mume hatolewi nyumba ya ndoa, ISIPOKUWA nyumba imeuzwa kutekeleza hukumu ya korti, au anatolewa na mfilisi, au na benki iliyoshika hati kama dhamana. Mfilisi ametajwa waziwazi. Kukubaliana kwa wote wawili ni pale mmoja wao anapouza au kuweka rehani kwa hiari yake.

Vilevile wengi wanadhani mali ya ndoa ni nusu kwa nusu daima. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba kila mtu hupata kwa kadiri ya mchango wake, na mchango si pesa tu. Mama_Kiamunyi alifanya vizuri kuweka stakabadhi.

Lakini tumetoka kwa mada. Ya Migosi ni ya ndugu, haina ndoa ndani yake.

#13 Mama_Kiamunyi
Stakabadhi za mchanga zilinisaidia kweli. Jaji alicheka alipoziona.

#14 Mtoro_wa_Leicester
Huku Uingereza mambo yana tarehe. Mwaka wa kwanza korti inaangalia familia, watoto, wagonjwa. Mwaka ukipita, maslahi ya wadai yanatangulia isipokuwa kuna jambo la kipekee. Na mfilisi akikaa miaka mitatu bila kuchukua hatua, nyumba inarudi kwa mwenyewe. Waambieni wabunge wenu waige.

#15 Kijana_wa_Njoro
Mwenyewe hapo ni muflisi anayeishi ndani, au mke wake. Ndugu wa Leicester, kaka wa huyu dada alikuwa Nakuru, hata kwenu angeshindwa.

#16 Kamongo
Na huko Leicester mnalipa kodi ya nyumba kiasi gani, tukuombee?

#17 Mtoro_wa_Leicester
Tuache hayo.

#18 Mwalimu_wa_Ahero
Nashangaa hakuna aliyemuuliza dada swali la kwanza. Mama yako alipata nini kwa mirathi?

Baba akifariki bila wosia, akaacha mke mmoja na watoto, Sheria ya Urithi inampa mjane vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na haki ya kuishi na kunufaika na mali iliyobaki maisha yake yote. Watoto wanapata baada yake. Kwa hivyo siku ile mlipopewa theluthi theluthi, mama alikuwa bado na haki yake ya maisha juu ya nyumba yote. Ilienda wapi? Ama aliiachilia kwa kusaini, ama bado iko. Kama iko, kaka yako hakuwa na theluthi huru. Alikuwa na theluthi itakayokuwa huru mama akishaondoka duniani, na mfilisi hawezi kupata zaidi ya kile alichokuwa nacho muflisi.

Tafuta cheti cha kuthibitisha usimamizi wa mirathi. Si taito. CHETI.

#19 Shangazi_Kanduyi
Mwalimu amesema. Kwetu Bungoma tuliponea hapo hapo. Ndugu ya mume wangu alikuwa na trekta za kubeba miwa, kampuni ikafungwa, trekta zikaenda na deni likabaki. Walikuja mpaka kwa boma. Mama mkwe alikuwa ameandikwa kwa cheti, na wakili wa wadai alipoona hiyo karatasi akapunguza sauti.

#20 Omwana_wa_Ingo
Walipunguza sauti au walienda zao?

#21 Shangazi_Kanduyi
Walipunguza sauti. Kesi bado iko.

#22 Mpiga_Nyatiti
Mnazungusha sheria ya mzungu. Kwa Mjaluo, nyumba ya mji si dala, si boma la nyumbani. Dala iko Seme au popote baba alipojenga, kaburi lake liko huko, na mjane anapaswa kuwa na nyumba yake huko. Migosi ilikuwa mahali pa kulala baba akienda kazini. Mama arudi dala, ya mji iuzwe, watu walipane, undugu ubaki. Mnapigania kuta.

#23 Mwalimu_wa_Ahero
Ndugu, mama ana miaka 74 na presha. Dala la Seme lina hospitali gani saa nane usiku? Baba alijenga nyumba mjini akazeekea mjini. Usimrudishe mama wa mtu dala kwa simu.

#24 Mpiga_Nyatiti
Sijamrudisha mtu. Nimesema mila.

#25 Nyar_Migosi
Asanteni wote. Baba alizikwa Seme, na mama ana nyumba huko, paa linavuja. Hataki kusikia habari ya kurudi.

Nimeitafuta cheti kwa makaratasi ya baba. Imeandikwa: nyumba ya Migosi "mama ataishi humo muda wote wa uhai wake, na baada yake watoto watatu kwa hisa sawa". Lakini taito ina majina yetu matatu tu, mama hayupo. Wakati ule karani wa wakili alituambia tuharakishe taito, mambo ya mama ni ya ndani ya familia. Sasa sijui ipi inashinda, cheti au taito?

#26 Kasuku_58
Taito. Kenya hii taito ndiyo mwisho.

#27 Mwalimu_wa_Ahero
Cheti. Korti ndiyo iliyotoa, na taito ilipaswa kufuata cheti.

#28 Karani_Mstaafu
Mnajibu kwa neno moja jambo ambalo majaji hulijibu kwa kurasa arobaini.

Taito ni ushahidi mkubwa wa umiliki, kweli. Lakini sheria ile ile ya 2012 inataja haki zinazofunga ardhi hata bila kuandikwa kwa rejista, amana zikiwemo, yaani mtu kushikilia mali kwa niaba ya mwingine. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema amana ya kimila ni mojawapo, na watu waliokaa ardhini wanaweza kudai haki yao hata kama jina kwa rejista ni la mtu mwingine. Wakili mzuri atasema ninyi watatu mnaishikilia nyumba kwa niaba ya mama maadamu yuko hai, na mfilisi ameipokea theluthi ikiwa na mzigo huo.

Wakili mzuri wa upande wa pili naye ana la kusema. Ile ya 2018 ilihusu ardhi ya ukoo. Ploti ya Migosi ilinunuliwa kwa mshahara wa reli. Atauliza pia kwa nini mama, mtu mzima mwenye akili timamu, alikubali taito itoke bila jina lake na miaka yote hakulalamika.

Mimi nikiwa jaji ningemsikiliza mama. Lakini sikuwa jaji, nilibeba faili.

#29 Omwana_wa_Ingo
Kwa nini asiende rejista ya ardhi kesho aweke kizuizi? Mama mwenyewe, kama mwenye haki ya kuishi. Hata kama haitashinda, mnunuzi akifanya sachi ataona kuna maneno.

#30 MnadaMwema
Mimi nikiona kizuizi cha mama mjane natafuta nyumba nyingine. Nimewaambia.

#31 Mdai_Sugu
Mnaona sasa? Kila mtu anatafuta namna ya kunizuia mimi. Jamaa alichukua simiti yangu akiwa na akili timamu pia. Nikiuliza wapi pesa, kuna mama. Nikiuliza theluthi, kuna mila. Nikiuliza taito, kuna cheti. Mfilisi analipwa gharama zake kwanza, mimi naambulia kilichobaki. Hebu mnieleze, mdai asiye na rehani Kenya hii hulipwa kwa mlango gani?

#32 Mama_Kiamunyi
@Mdai_Sugu una haki, na sisemi kwa kukudharau. Tatizo lilianza kwa yule aliyepokea mabati na hakulipa. Wote wengine humu wanalipa deni la kaunti.

#33 Kijana_wa_Njoro
Hilo ndilo sahihi kuliko yote humu. Kaunti inadaiwa, anayefilisiwa ni hardware.

#34 Mtani_wa_Kondele
Samahani niseme kinachofikiriwa na wengi. Dada, una hakika kaka hakupanga hii? Anaomba ufilisi mwenyewe, hasemi nyumbani. Nyumba ikiuzwa, theluthi yake inalipa madeni yake, baadaye anaachiliwa na yuko safi. Angewaomba muuze nyumba mgemkatalia. Sasa korti inaomba kwa niaba yake. Nimeona jamaa Kisumu alifanya hivyo na dada zake hawajaongea naye tena.

#35 Shangazi_Kanduyi
Mtani acha kuwasha moto. Mtu aliyetishiwa kifungo hupangi, unakimbia.

#36 Karani_Mstaafu
Wengi wanaojipeleka kortini kuomba ufilisi wanakimbia kifungo cha madai, hilo nimeliona kwa macho. Majaji wanalijua pia, na wakiona mtu anatumia ufilisi kama kichaka cha kujificha wanaweza kumkatalia. Kwa hiyo kama alikubaliwa, kuna jaji aliyeridhika na hesabu zake.

Ya kuachiliwa: ni miaka mitatu tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, isipokuwa mtu apinge. Akiachiliwa haimaanishi theluthi inamrudia. Iliyokwisha kwenda kwa mfilisi imekwenda.

Tena waliomdhamini sako wasishangilie. Yeye akiachiliwa, mdhamini bado anadaiwa.

#37 Kasuku_58
Ngoja. Mdhamini bado anadaiwa?? Mimi nimemdhamini shemeji yangu.

#38 Kamongo
Kasuku ameacha kuimba 😂😂

#39 Omwana_wa_Ingo
Muflisi pia hawezi kuwania ubunge wala udiwani mpaka aachiliwe. Sijui kama hiyo ni adhabu au ni baraka kwa familia.

#40 Mpiga_Nyatiti
Wangapi walioko bungeni sasa mngewapima hivyo?

#41 Kamongo
Tusiingie huko, uzi utafungwa. Turudi Migosi.

#42 Nyar_Migosi
Kaka amepiga simu jana usiku. Analia. Anasema aliona aibu, alifikiri theluthi ya Migosi haihesabiki kwa sababu mama yumo. Kwa fomu ya mali aliiandika kwa sababu wakili wake alimwambia akiificha ni kosa. Nilikuwa na hasira naye mpaka hapo. Sasa sina hasira wala sina amani.

@Mdai_Sugu sitakutajia jina la duka. Nisamehe.

Swali jipya: tumefikiria mimi na mdogo wangu tununue hiyo theluthi. Mdogo wangu ni bodaboda, mimi nina sako. Bei inapangwaje? Mfilisi amesema milioni nne.

#43 MnadaMwema
Milioni nne maana yake anasema nyumba nzima ni milioni kumi na mbili. Migosi, nyumba ya miaka ya themanini, bila lami mlangoni? Mimi singefika huko. Na hiyo ni bei ya nyumba tupu. Theluthi yenye mama ndani kwa haki ya maisha ni kitu kingine kabisa, mthamini anatakiwa aipunguze kwa sababu hiyo. Mfilisi akikataa, mwambie ajaribu kuitangaza hivyo hivyo aone nani atakuja.

#44 Mwalimu_wa_Ahero
Na mwambie mthamini kwa maandishi kwamba cheti kinampa mama haki ya kuishi. Wathamini wengi wataandika ukubwa wa ploti, idadi ya vyumba, hali ya paa, halafu wanaondoka. Kitu kisichoonekana kwa macho hawakiandiki mpaka wakionyeshwe.

Pia mjue mkinunua kuna ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4 ya thamani ya kile kinachohamishwa. Wekeni hiyo kando.

#45 Karani_Mstaafu
Kabla ya kununua chochote, fungueni mlango wa upatanisho. Kisumu na Nakuru korti zina upatanisho unaosimamiwa na korti yenyewe, mnakaa na mfilisi mezani. Mfilisi anachotaka ni pesa ya kugawia wadai na faili lifungwe. Hana chuki na mama yako.

Jambo la pili, mjue ni korti gani. Mambo ya ufilisi ni ya Mahakama Kuu, na faili ya kaka iko Nakuru. Mambo ya ardhi na mgawanyo ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na nyumba iko Kisumu. Nimeona kesi zikipoteza muda mrefu watu wakibishana waende wapi. Upande wenu mnaweza kulitumia hilo, ingawa si jambo la kujivunia.

Tatu, mama awe na wakili WAKE, asitumie wenu. Maslahi yake na yenu si sawa hata kama mnapendana. FIDA, wale mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

#46 Kijana_wa_Njoro
Mzee Karani, kwenye hiyo sheria ya mgawanyo si kuna mahali inasema mtegemezi wa anayeomba asiachwe bila makao?

#47 Karani_Mstaafu
Ipo, kwenye kugawanya. Ubishi ni kama inafika mpaka kwenye kuuza, na kama mfilisi ni "anayeomba" au ni mtu mwingine. Wakili wa mama aiweke mbele hata hivyo. Jaji akiisoma ni vigumu kuisahau.

#48 Mdai_Sugu
Nimesoma yote. @Nyar_Migosi usinitajie. Lakini mkinunua kwa bei ya haki hata mimi nitapata kidogo. Mkifanya mtu anunue kwa laki mbili sitapata hata ya nauli ya matatu kwenda Nakuru mjini. Kwa hiyo nunueni ninyi. Msinyonge bei sana.

#49 MnadaMwema
Mdai sasa unaongea kama mimi.

#50 Mpiga_Nyatiti
Na paa la Seme litengenezwe, haijalishi korti imesema nini.

#51 Nyar_Migosi
Mthamini anakuja Alhamisi. Mfilisi amekubali kusubiri ripoti yetu kabla ya kwenda kortini, ila ameandika kwamba hakubaliani na mambo ya cheti. Mama amekataa kuzungumza na wakili yeyote. Anasema nyumba ni ya mume wake na yeye hajaiuza. Nani hapa anajua mthamini aliyesajiliwa anatoza kiasi gani Kisumu? Niliyempata anataka elfu ishirini na tano kabla hajafungua geti.

#52 Kamongo
Elfu ishirini na tano kuhesabu vyumba vitatu?

#53 MnadaMwema
Si nyingi. Mwambie utampa nusu sasa nusu ripoti ikitoka. Na mpe nakala ya cheti mkononi, usimtumie kwa simu atasema hakuiona.

#54 Kasuku_58
Kuna mtu anajua namna ya kujitoa udhamini wa sako?